Kijani Nilichomwonyesha Kaka Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla kaka yangu hajafunga mzigo wa mwisho. Sisi ni wazee wawili tuliofukuzwa kwetu na vita tukiwa vijana, na kwetu kwenyewe ni kijiji kilichokuwa ndani ya msitu wa kilimani, na mwaka huu, tuliposikia msitu ule unakufa, kaka aligoma kula, akalala ameugeukia ukuta, mpaka binti yangu, ambaye kazi yake ni kukagua afya ya misitu kwa picha za satelaiti, akaleta picha za kilima chetu. Ya kwanza ilikuwa kijani kitupu. Kaka aliinuka akaketi, akasema, "Mdogo wangu, msitu umepona! Leteni chakula, mbona mnaniua kwa njaa?" Tukacheka wote, ila binti yangu hakucheka, kwa sababu alishanieleza mlangoni kwamba miti ile imekufa, wadudu wameitafuna chini ya magome, na kijani kile ni mimea ya kutambaa iliyoipanda na kuifunika, nayo picha ya pili, inayopima unyevu na urefu wa miti, inaonyesha kilima kikavu na miti inayoanguka mmoja baada ya mwingine. Alipoanza, "Baba mkubwa, lakini...", nikamkanyaga mguu. Sasa kaka anakula, anamtania kila jirani, na amewashawishi wanawe na wajukuu waondoke naye wiki ijayo wakajenge palepale, chini ya miti ileile. Binti yangu hasemi nami. Nikisema ukweli namuua kaka, nikinyamaza sijui nani atakufa, na mimi mwenyewe kila asubuhi nafungua simu niitazame ile picha ya kwanza. Nifanye nini?

Mdogo Mtu

Mzee wangu, shikamoo. Salamu umepata, sasa vumilia ukali.

Unajua vizuri nani atakufa: ni watoto watakaolala chini ya miti iliyooza. Uchungu wako nauelewa, lakini hukumpa kaka yako dawa, ulimpa nusu ya habari. Na mguu ulioukanyaga ni wa binti aliyeisomea kazi hii ili watu waonywe mapema. Mwombe radhi leo, kabla ya chai.

Kisha ingieni kwa kaka yako pamoja. Usimtume binti peke yake, wala usitafute mtu wa kukusemea. Yeye aonyeshe picha zote mbili, wewe useme, "Kaka, nilijua." Atakutukana. Mwache atukane. Wanawe na wajukuu wawepo wasikie, maana hiyo safari ni yao pia. Akishikilia kwenda, aende kutazama tu, alale nje ya msitu, na watoto wabaki.

Huenda akaugeukia ukuta tena. Siwezi kukudanganya, wewe umeshadanganya vya kutosha. Vuta kiti, ukae naye, hata asipokujibu. Msitu wenu umekufa, mzee wangu, na waliobaki wa kuulilia ni nyinyi wawili. Ulilieni hapo hapo mlipo, wajukuu wakiwa hai.