Shingo Iliyopinda ya Loretta

Verlin na watoto,

Maharage yako jikoni, mkate wa mahindi umo kwenye oveni. Kuku wafungulieni. Nakwenda mjini Guymon na mkwe wetu Loretta kwa daktari wa mifugo, ndama amemkwamia yule mtamba mwekundu tumboni.

Verlin, ile shingo ya trela aliyoinunua Loretta, chuma cha kuiunganisha na pikapu, uliyoicheka jana, "Mkwe wangu kauziwa chuma kilichopinda!", ungeiona asubuhi hii. Unaijua ile kona ya zizini, ndiko pua ya trela ilikokuvunjia kioo cha nyuma cha pikapu, kwa vile pikapu yetu ni fupi. Loretta alipoanza kukata kona nikafumba macho. Akanipigia kelele, "Mama, fumbua, utakosa uhondo!" Nikafumbua. Ile shingo ilikuwa imeisukuma trela nyuma, mkono wangu mzima ungepita kati yake na kioo. Akatoka kwa mkupuo mmoja, bila kurudi nyuma, mtamba akilia humo ndani.

Nilitaka kumsifu, nikashuka kukuandikia wewe kwanza. Sasa anapiga honi.

~~Verlin, mwombe radhi.~~

Verlin, ukisikia tunarudi, toka umfungulie geti mwenyewe. Na kofia uivue.

Bibi