Drili Niliyokulazimisha Kufunga Longonot

Wekesa,

Kuna jambo nimelificha miaka kumi na miwili, na nimelificha kama mtu aliyesoma anavyoficha, yaani kwa maandishi. Ile ripoti ya ajali ya Longonot, uliyoitia sahihi ukiwa kitandani hospitalini, haikusema nilichokusomea. Niliishika karatasi, nikaitazama karatasi, nikakusomea maneno mengine. Wewe ulijua kusoma jina lako na namba za mashine tu, nami nilikuwa mwalimu. Haikunitoa hata jasho.

Usidhani nimekuwa mtu mwema. Daktari amesema moyo wangu umechoka kusukuma. Miguu imevimba, na mkono huu unaandika mistari mitatu kisha unaomba ruhusa ya kupumzika. Watu wanaokaribia kufa hujifanya watakatifu. Nimewaona kanisani wakiungama vijikosa vidogo vidogo ili yale makubwa yapate pa kujificha. Nawadharau. Sitaki kufanana nao, ingawa aya hii yenyewe imeanza kunuka hivyo hivyo.

Kwanza nikupe habari za huku. Nakuru siku hizi ni jiji. Tulipewa jina, mashimo ya barabarani tukaachiwa. Kila mwenye kiwanja anajenga ua, na kila mwenye ua anataka nguzo zisimame kabla ya jua kutua, kwa hiyo zile loda ndogo zinazogeuka hapo hapo zilipo zimejaa kila mahali. Wauza drili za kufunga mbele yake wana picha kwenye simu na hawana udongo kwenye kucha. Mwaka jana, nilipokuwa bado natembea, niliingia duka moja nikamwuliza muuzaji ni drili gani inafaa udongo mwekundu wa Dundori wakati wa mvua.

"Hii, mzee. Hii inachimba kila kitu."

Na Longonot? nikamwuliza.

"Hii hii, mzee wangu. Ardhi ni ardhi."

Ardhi ni ardhi! Ungecheka mpaka ukohoe, halafu ungemwambia lile neno lako baya la Kibukusu. Nilitoka bila kuaga. Nilifika kwenye ngazi ndipo nikakumbuka ni nani aliyenifundisha kwamba ardhi si ardhi, na nikakasirika zaidi, kwa sababu si kitabu kilichonifundisha. Ni wewe.

Ulisema udongo wa Dundori ni ugali wa moto, unang'ang'ania mwiko. Ulitaka drili nyembamba, ambayo mapindo ya bamba lake yameachana, na kila ikizama urefu wa mkono uliinyanyua, ukaizungusha kwa kasi hewani, matope yakaruka mpaka kwenye viatu vyangu. Nadhani ulikuwa unalenga viatu vyangu. Kwenye majivu makavu ulizamisha polepole na kunyanyua polepole, ili kuta za shimo zisibomoke. Na kwenye mwamba ulitaka drili ile fupi nzito, yenye meno ya ncha kama risasi. "Jiwe halipigwi haraka, Mwalimu. Jiwe linabembelezwa."

Mimi nilikuwa na jedwali. Unalikumbuka? Nililichapa mwenyewe baada ya kustaafu chuo, kampuni iliponiajiri kuwa mshauri wenu: safu moja aina za udongo, safu nyingine drili, safu ya tatu nguvu ya mafuta yanayoizungusha. Nililifunika kwa plastiki. Lilikuwa jedwali zuri, na kwa nusu ya mashamba ya Bonde la Ufa halikuwa na faida, kwa sababu ardhi yetu imepangwa kama mandazi ya hoteli mbaya, laini juu na jambo lingine kabisa ndani.

Wewe ulikuwa na mtaimbo.

Na nilikudharau kwa ajili ya mtaimbo ule kuliko nilivyokudharau kwa kutafuna miwa ndani ya mashine, au kwa kofia yako ya reli uliyorithi kwa babu na kuivaa kama taji. Kabla ya kufunga drili yoyote ulikuwa unaenda kwenye mstari wa nguzo, unaupiga mtaimbo ardhini mara tatu mahali pamoja, kisha unaushika kwa viganja viwili huku umefumba macho, kama mchungaji anayeombea mgonjwa. Ukifumbua macho unataja drili. Miaka sita nilikutazama nikisubiri ukosee. Hukukosea. Hapo ndipo uliponiudhi.

Basi, Longonot. Lile shamba la mteremkoni, mwenyewe akitaka ua wa kuzuia pundamilia. Nilikuwa nimealika wanafunzi wangu wa zamani wa chuo, kumi na wawili, waje waone kazi ya kisasa. Walisimama na madaftari yao. Wewe ukashuka kwenye loda, ukapita mbele yao na kofia yako, ukapiga mtaimbo, ukafumba macho. Mmoja akasema, "Huyu msee anapigia ardhi simu." Mwingine akajibu, "Mwambie aweke spika." Walicheka. Wewe pia ulicheka, nakumbuka. Halafu ukaniambia, kwa heshima, sauti ya chini:

"Mwalimu, hii inadanganya. Juu ni unga, chini ni jiwe. Tufunge ile ya meno."

Nami nilikuwa nimekwisha kuwaambia wanafunzi kwamba hapa ni majivu ya volkano, laini, drili pana ya udongo inatosha. Nikalinyanyua jedwali. Nikasema kwa sauti ya darasani, "Wekesa, jiolojia haisomwi kwa mtaimbo." Wakapiga makofi. Watu wazima, wana vyeti, wanapiga makofi kwa sentensi ya kipumbavu kama ile. Ninawadharau hadi leo, na mmoja wao sasa ni mkubwa ofisini.

Ukanitazama kidogo. Kisha ukasema, "Sawa, Mwalimu, ni wewe umesoma," ukafunga drili pana.

Ilizama kama kijiko kwenye uji. Nilianza kutabasamu. Kisha ikashika. Makali yale mapana yaliingia kwenye ufa wa mwamba yakakwama, na nguvu yote iliyokuwa ya kuzungusha drili ikaigeukia mashine. Loda ikajipinda kwenye mteremko, ikalala ubavu. Mlango mlikuwa mmeung'oa kwa sababu ya joto, kama mnavyofanya nyote. Mguu wako wa kushoto ulibaki kati ya chuma na jiwe.

Hukupiga kelele. Uliniita. "Mwalimu." Mara moja tu.

Ngoja nipumzike.

Ripoti niliiandika mimi. Iliandikwa kwamba wewe, kwa ukaidi na kinyume na ushauri, ulichagua drili isiyofaa. Hospitalini nikakusomea kwamba ardhi ilitudanganya sote na hakuna wa kulaumiwa. Ulikuwa umekatwa mguu siku tatu kabla ya hapo. Ulisema, "Umeandika vizuri, Mwalimu," ukaweka sahihi, zile herufi sita zinazopanda mlima. Wakakufukuza. Ukaja kwangu kwa magongo, ukauliza, "Niliweka sahihi kwenye nini haswa?" Nikakuambia ofisi imebadilisha karatasi. Ukaniamini! Ukanishukuru kwa kukutetea. Mkeo, Mama Nekesa, akaniletea kuku. Nilimla, Wekesa. Alikuwa mtamu. Hata uaminifu wako niliudharau. Nilijiambia mtu anayedanganyika hivi amejitakia.

Baada ya hapo hakuna kampuni iliyokupa mashine. Uliuza viatu vya mitumba hadi ulipokufa, nami nikaja mazishini nikasimama, nikasema ulikuwa mchapakazi mwenye kasoro ndogo ya kutosikia. Nilisema hivyo juu ya jeneza lako. Watu wakaitikia, "Kweli kabisa."

Sasa sikiliza kilichonifanya nichukue kalamu. Mwezi uliopita alikuja Nekesa wako. Ni mwanamke mzima, mabega kama yako, anaendesha loda, na anaiendesha vizuri kuliko wote niliowafundisha. Alitaka nimfundishe kuchagua drili kwa kila aina ya ardhi, kutoka kwa jedwali langu. Nikamwuliza kwa nini asiwaulize wale wanaokumbuka mtindo wa baba yake. Akacheka kwa dharau. Ninaijua dharau, ni lugha yangu.

"Baba? Baba alikuwa kichwa ngumu, Mwalimu. Aliua kazi yake mwenyewe. Mpaka anakufa alikuwa akisema eti ofisi ilibadilisha karatasi. Kila mtu akianguka husema hivyo."

Halafu akaongeza kwamba mtaimbo wako waliuuza kwa chuma chakavu, na kwamba hataki wanawe wajue kwa nini babu yao alikuwa na mguu mmoja.

Nilimpa chai. Nikamfundisha jedwali. Nikamwona akinakili kwa makini upuuzi wangu kuhusu majivu ya Longonot. Binti yako anakudharau kwa dharau niliyoiandika mimi, na anakwenda kuchimba kwenye mteremko na karatasi yangu mfukoni. Nikamwambia afute ule mstari. Akauliza kwa nini. Nikasema macho yananiuma, aje siku nyingine.

Jumamosi anakuja. Nimemwomba aje na mama yake. Nimeandika ripoti upya, kurasa mbili: drili ipi ulitaka, ipi niliilazimisha, nini nilikusomea, nini kiliandikwa. Nakala moja itakwenda kwa kampuni, kwa yule mkubwa aliyepiga makofi. Nyingine itasomwa kanisani kwenu Jumapili. Safari hii sisomi mimi. Atasoma Nekesa, kwa macho yake mwenyewe, kila neno, nami nitakuwa nimekaa mbele yake. Akinitemea mate, atakuwa hajakosea. Nakuahidi pia atajifunza mtaimbo. Nitamwelekeza, mimi nikiwa kitini, afanye kama ulivyofanya wewe: mara tatu, mahali pamoja, viganja viwili.

Lala, Wekesa. Sikuombi msamaha, kwa sababu ungenipa, na nisingeustahimili.

Limebaki moja, ambalo kwenye kurasa zile mbili sijaweza kuliandika hadi asubuhi hii. Watakaosoma watadhani nilikuwa mjinga tu, mzee wa vitabu aliyeamini jedwali lake. Ningependa iwe hivyo. Lakini siku ile nilitangulia kufika Longonot na pikapu ya vifaa, kabla ya lori lililokuleta wewe na loda, kabla ya wanafunzi. Nilikuwa peke yangu. Nilitazama barabarani, sikuona mtu. Nikauchukua mtaimbo wako, nikapiga mara tatu, nikafumba macho, na mshtuko ukanipanda hadi kwenye kiwiko.

Nilijua kuna jiwe.