Salamu kwa Panya wa Seifu

Mzenga, Jumapili

Mdogo wangu Seifu,

Sisi huku tupo. Nguruwe pori wamefukua mihogo yote ya bondeni, na binti yangu Shamsia amepata kazi ya ualimu Gwata. Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu Mama angenisikia.

Tangu utueleze kwamba huko chuoni mnawapa panya sumu ya konokono wa baharini ili kutuliza maumivu ya utumbo, Mama hamalizi salamu bila kuwaulizia. Majirani walicheka, maana huku panya hupewa sumu wafe. Yeye hakucheka. Madaktari wa Kibaha walimpima tumbo mara tatu wasione kidonda, na miaka tisa hii hata mimi nimekuwa nikimwambia aache kudeka. Akasema panya wako ndio pekee wanaomwelewa.

Ulipoandika kwamba sasa wanalala bila maumivu, nilimsomea, akamshukuru Mungu. Ujumbe uliofuata, kwamba dawa hiyo kwa binadamu bado miaka kumi, sikumsomea.

Seifu, Mama ameacha kula. Kila tonge linamuwakia moto tumboni. Juzi aliwagawia wajukuu kanga zake zote, akabakiza moja. Anataka nikutumie uwachanie panya, wapate cha kulalia.

Siitumi. Njoo uichukue mwenyewe, angali na nguvu ya kukuuliza wanaendeleaje.

Dada yako,
Mwanamvua