Nimelala Nyumba Aliyopigia Mama Pasi

Nyumbani kwa fundi cherehani,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumapili, 14 Juni.

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetuamsha leo tukiwa na pumzi. Hujambo? Mgongo umekuachia, au bado unainuka kitini kama bibi kizee? Shemeji je, na wanangu? Sisi huku tu wazima, ila macho yangu yameanza kugombana na tundu la sindano. Fundi mwenzangu ananicheka, eti natunga uzi kama mtu anayelenga ndege kwa jiwe.

Sasa kaa chini. Ile nyumba kubwa ya kilimani, ambayo mama alikuwa dobi wake mpaka alipougua, siku hizi ni hoteli. Meneja wake, mama mmoja mwenye heshima zake, alinipa kazi ya kushona mapazia ya vyumba kumi na viwili. Nilipomaliza akaniambia, "Fundi, njoo ulale siku moja, uone kazi yako inavyopokea jua la asubuhi." Nikadhani ananitania. Hakuwa na utani.

Ngazi zake, mdogo wangu! Zinapanda pande mbili, kulia na kushoto, halafu zinakutana juu kama watu waliopatana baada ya ugomvi. Dari ina maua ya plasta, kila ua na majani yake, nikabaki najiuliza yule fundi alilala chali siku ngapi kule juu. Nilivua viatu mlangoni. Mhudumu akasema, "Vaa tu mama, hapa watu wanapita na viatu." Nikamjibu, "Wapite wao."

Bafu lina miguu minne kama mnyama, nikaogopa kumpanda. Asubuhi nikatandika kitanda mwenyewe, pembe zote nne. Mhudumu kuingia, akashika kiuno: "Mama, unataka nifukuzwe kazi?" Tulicheka mpaka akakaa kitandani, akakivuruga tena.

Lakini sikwenda kwa ajili ya kitanda. Unaijua ile habari ya nyumbani, kwamba watu wa filamu waliikodi nyumba ile mwezi mzima, na mama akapigwa filamu humo. Filamu yenyewe haikutufikia kamwe. Wanayo pale pale, wanawaonyesha wageni saa kumi jioni wakinywa chai.

Na hapa lazima nitubu kwako. Mwaka juzi uliniandikia, "Dada, nimlilie nani, mtu nisiyemjua hata sura?" Nikakujibu una macho yake na kidevu chake. Ulikuwa uongo. Nilikuwa na miaka tisa alipofariki, mwaka uliofuata mafuriko yakachukua picha zote, na sura yake imenichujuka kidogo kidogo kama rangi ya kitambaa kinachofuliwa kila siku. Nilikuonea huruma, nikatunga. Mungu nimeshamwomba msamaha. Nilikuwa nataka nimwone kwa macho yangu ndipo nikuombe na wewe.

Basi nikakaa kiti cha mbele kabisa. Kila mtumishi aliyepita kwenye ile filamu nilimkodolea macho: wanaobeba sinia, wanaofagia, wanaosimama nyuma. Ikaisha. Mama hayumo. Machozi yakanitoka mbele za watu.

Mzee wa bustani, ambaye yupo pale tangu enzi hizo, alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake mkononi. Akaniuliza, "Mbona unalia? Hii si ya kuchekesha?" Nikamwambia mimi ni binti wa dobi.

Akajipiga paja. "Binti wa dobi! Sasa ulikuwa unamtafuta wapi?"

"Kwenye nyuso, baba."

"Umetafuta mahali asipokuwepo."

Akanisimulia. Yule mwigizaji mkuu alitakiwa kupiga pasi, naye pasi ya mkaa hajawahi kuishika. Akaunguza vitambaa vitatu vya meza. Bwana mkubwa wa filamu akachoka, akasema aitwe dobi, avishwe mikono ya gauni la mwigizaji, ipigwe filamu mikono tu. Tatizo, mama alikuwa anapima kazi kwa wimbo wa kanisani: ubeti mmoja, foronya moja. Wakamwambia anyamaze. Akanyamaza, akaunguza foronya ya kwanza maishani mwake. "Bwana mkubwa akainua mikono," mzee akasema, "akapiga kelele: 'Mwacheni mama wa watu aimbe!'"

Meneja akairudisha filamu nyuma. Nikaiona ile mikono. Kidole kinalowa mate, kinagusa pasi, tsss. Halafu sauti. Ya chini, yenye mkwaruzo kidogo, haina haraka. Nikapiga magoti pale pale kwenye zulia la wenyewe, na hakuna aliyeniambia niinuke. Miaka yote hii, watu wanakunywa chai, na mama anaimba ukutani! Mungu ni wa ajabu. Niliomba uso, akanipa pumzi.

Na kwenye kiitikio anapanda vibaya, anateleza pembeni halafu anarudi, vile vile unavyoteleza wewe mpaka mwalimu wa kwaya akakuhamisha mstari wa nyuma. Hili sikutungii. Mzee wa bustani ni shahidi wangu.

Kwa hiyo nisamehe yale ya macho na kidevu. Sauti imo kwenye simu ya meneja, amesema atakutumia nikimpa namba yako. Nimemwambia asubiri. Sitaki ikukute kazini au njiani ukiwa peke yako. Chagua siku utakayokuwa nyumbani, shemeji yupo karibu.

Msalimie shemeji na mama mkwe wako. Waambie wanangu mama yao mkubwa anawabusu mmoja mmoja. Bwana awafunike kwa mkono wake, mtoke salama na mrudi salama.

Nijibu upesi, uniambie ni siku gani.

Ni mimi nikupendaye bila kupunguza,
Dada yako.