Gobori Lisilosukuma Bega

Ijumaa, 4 Oktoba 1811

Kesho gwaride la wanamgambo. Sheria inanisamehe, nina miaka sitini na miwili. Lakini vijana hawa wa Kentucky, na bunduki zao nyembamba za kuwindia kindi, hawajui kusimama safu moja. Nitawaonyesha. Gobori langu la vita nimelipaka mafuta ya nguruwe ndani na nje. Mke wangu Keziah asema mafuta hayo yangetosha kukaangia chakula cha juma zima.

Jumamosi, 5 Oktoba

Ushindi! Tulifyatua mara tatu kwa amri. Nilishindilia baruti na risasi kama nilivyofunzwa jeshini, macho mbele, bila kuutazama mdeki, ule ufito wa kushindilia. Moshi, kishindo — na bega langu halikutikisika hata kidogo. Vijana walikuwa wakisugua mabega yao. Nikawaeleza, kwa kirefu, kwamba anayesimama ipasavyo hasukumwi na bunduki yake. Kapteni Elkanah Pruitt, mwanafunzi wangu wa zamani, alinivulia kofia.

Jumatatu, 7 Oktoba

Jana Jumapili, siku ya Bwana, sikuligusa gobori. Leo nimetaka kulisafisha. Nikatumbukiza mdeki, ukakwama, shubiri nzima nje ya mtutu badala ya kuzama wote. Nikatumbukiza tena. Shubiri ileile.

Mafuta yangu yaliziba tundu la kupitishia moto. Iliyowaka ni ile baruti ya nje tu, kwenye kisahani cha kuwashia. Vishindo vilikuwa vya wenzangu. Risasi zangu zote tatu zimo ndani, zimepangana kama wanafunzi watiifu.

Huyu Elkanah, alipokuwa na miaka tisa, nilimsimamisha pembeni saa nzima kwa kutohakiki hesabu zake.

Chombo cha kuzitoa risasi mtutuni anacho mhunzi peke yake, na mhunzi hana siri. Nimelizibua tundu, maana uchafu siupendi, nikalitundika gobori ukutani. Litakaa hapo. Nani atalitaka?

Jumatano, 9 Oktoba

Elkanah yupo sebuleni. Dubu amembeba nguruwe wake wa pili, na risasi ya bunduki yake ndogo ilimkuna tu. Anataka mtutu mpana. Keziah, asiyejua lolote, amekwisha kulitungua gobori na kumpakatisha.

"Mwalimu, lina risasi hili?"

Nilimwambia angoje nitazame daftari. Ndilo hili.

Likifyatuliwa hivi, mtutu utampasukia usoni. Najua. Nimeandika kwa mwandiko mzuri kabisa kwamba najua, na bado nimekaa.

Namsikia Keziah: "Nenda tu, mwanangu. Mzee huhakiki kila kitu mara mbili."

Kiti kimesogezwa. Anaaga kwa adabu niliyomfunza mwenyewe: hataki kunisumbua, atashindilia baruti na risasi zake juu ya zozote zilizomo, ili awe na hakika.

Nimesimama. Nimekaa tena, eti wino haujakauka. Mlango wa nje umefunguliwa. Sasa nasimama kweli, naita: Elkanah, mwanangu, hesabu zangu za Jumamosi —