Meza Saba na Dirisha Moja

Jumatatu, 3 Machi

Meza ya kwanza, daftari. Ya pili, thamani ya mzigo. Ya tatu, mifugo, kwa Mzee Lado. Ya nne afya, ya tano usalama, ya sita viwango, ya saba lango. Mihuri saba kabla ya chai ya saa nne. Nimevunja rekodi yangu mwenyewe. Miguu inawaka.

Mzigo ulikuwa vipuri vya jenereta. Vipuri vya jenereta vinapitaje kwa mifugo na afya? Vinapita. Kila karatasi inapita kila meza, ndivyo nilivyoikuta shedi hii ya mizigo ya uwanja wa ndege wa Juba nilipofika kutoka Busia na begi moja, miaka kumi na moja sasa. Mwenye mzigo hawezi peke yake. Hajui nani huanza kabla ya nani, nani hukasirika ukimpita bila salamu, nani husalimiwa kwa Kiarabu cha Juba na nani kwa Kiswahili. Mimi wakala wa forodha najua. Hicho ndicho ninachouza, sina kingine.

Mkuu wetu mpya wa forodha, Madam Achol, alikuwa anazunguka na saa mkononi tena. Anapima kila meza inachukua dakika ngapi. Haongei, anaandika tu. Hanifurahishi hata kidogo.

Jumanne, 4 Machi

Sasa tumejua alichokuwa anaandika.

Ametuita mawakala wote. Amesema nchi iliingia Jumuiya siku nyingi, bendera imepandishwa Arusha pamoja na nyingine zote, lakini forodha yetu bado inafanya kazi kana kwamba hatujaingia. Kuanzia Jumatatu: fomu moja, dirisha moja, muhuri mmoja. Meza saba zinaondoka. Majaribio wiki mbili. Ijumaa ya mwisho watakuja wageni kutoka Arusha kutazama. Wakiridhika, meza hazirudi. Wasiporidhika, zinarudi, na kuna wakubwa wanaosubiri zirudi.

Kiswahili chake ni cha Nakuru. Alikulia huko mkimbizi. Hakupaza sauti hata mara moja.

Mzee Okello, wakala mwenzangu, Mganda, alicheka mpaka akakohoa. "Dirisha moja! Sisi tutakula nini? Tutakula dirisha?" Nilicheka pia. Sikuwa na raha.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya.

Vifaranga wa Mama Poni wametua saa mbili na ndege ya Entebbe. Wa siku moja. Maboksi kumi. Mama Poni anafuga kuku mtaani Sherikat, ni mjane, hao ndio wanaowalisha yeye na wajukuu. Kila baada ya wiki mbili analeta vifaranga na mimi ndiye ninayemtolea.

Mzee Lado hakunichelewesha. Kamwe hanicheleweshi na vifaranga. Anafungua boksi, anawatazama, anapuliza kidogo manyoya, anapiga muhuri. Meza ya nne sawa. Ya tano hakuna mtu. Ameenda matangani, muhuri uko mfukoni mwake. Si kosa lake, kafiwa na shangazi. Wa sita hawezi kupiga kabla ya wa tano. Nimesimama. Shedi ni bati tupu, joto la Machi, hata sakafu imechemka. Nimewapepea kwa karatasi zao wenyewe. Muhuri umerudi saa nane.

Maboksi matatu kimya kabisa. Mengine nusu nusu.

Mama Poni hakugomba. Angegomba ningefurahi. Alisema tu, "Malesh, dada, wewe hapana kosa," eti ananipa pole mimi. Akapanda raksha yake ya magurudumu matatu na maboksi yote, walio hai na waliokufa.

Madam Achol alisimama mlangoni akiona yote. Hakuandika kitu.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa napiga hesabu ya dakika. Zingekuwa dakika thelathini, wangekuwa hai wote.

Na bado sitaki meza ziondoke. Nimeliandika, basi. Hakuna mwingine atakayesoma.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefika shedi nikamkuta Madam amekunja mikono ya blauzi, ameshika upande mmoja wa meza ya sita, askari ameshika mwingine, wanaitoa nje. Meza zote zimepangwa kwenye baraza. Wenye meza wamehamishiwa stoo na ofisi za nyuma. Mihuri imekusanywa kwenye katoni ya sabuni. Mzee Lado amesema wake hauonekani. Ameenda kukaa nyuma ya meza yake huko huko barazani, kofia kichwani, miwani puani, kama siku zote. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwondoa.

Dirishani amekaa Madam mwenyewe. Foleni. Mawakala hatujui foleni, tumezoea kutawanyika. Tumesukumana kama watoto wa chekechea.

Saa tano akaja mjomba wa Madam wa ukoo, mtu mkubwa, na walinzi wawili. Akaenda moja kwa moja mbele. Madam akasimama, akamsalimu kwa heshima zote, akamwonyesha mwisho wa foleni. Mjomba akageuka, akaenda nyuma ya Okello, akasimama dakika arobaini. Alipofika dirishani Madam akampa maji ya baridi kwanza, halafu fomu.

Okello ameniambia kwa sauti ya chini: "Huyu mwanamke iko na roho ya chuma." Nakubali. Nilitaka kumchukia leo, nimeshindwa.

Alhamisi, 13 Machi

Fomu hii mpya ina Kiswahili chini ya Kiingereza. Nimetoa mizigo minne kabla ya saa sita. Halafu nikakaa. Sikuwa na pa kwenda.

Mteja mmoja ameniuliza, kwa adabu kabisa, kwa nini ananihitaji. Nimemjibu vibaya.

Jumanne, 18 Machi

Madam anakula chakula chake pale pale dirishani, kijiko mkono huu, fomu mkono huu. Jana jenereta ilizima akaendelea kwa kalamu na kitabu. Wale wa ofisi za nyuma wanapita wakimcheka. Wanasema anaosha nyumba ya kupanga. Yeye husema "habari za leo" kwa kila mmoja wao, kwa jina.

Nimeona mengi shedi hii. Mtu wa namna hii sijamwona.

Ijumaa wageni. Ijumaa vifaranga pia. Mama Poni amekopa ili aagize tena maboksi kumi. Hawa wakifa, hafugi tena. Ameniambia mwenyewe. Nimemwahidi kwamba saa tatu watakuwa njiani kwenda Sherikat.

Ijumaa, 21 Machi

Sijui nianzie wapi.

Ndege saa mbili kasoro. Maboksi kumi, wote wanapiga kelele, hai. Fomu nilishaijaza jana. Kutoka kwenye mizigo kwenda dirishani unapita barazani. Nilikuwa karibu nakimbia. Mzee Lado kwenye meza yake. "Ya Rose, kef?" ananisalimu, kama kila siku ya miaka kumi na moja, na mkono wake ukanyooka. Na mkono wangu ukampa fomu. Sikuwaza. Wallahi sikuwaza. Akainama, akatazama boksi la juu, akapuliza manyoya, akatoa muhuri mfukoni mwa shati, akapiga. Akanirudishia. Nikashukuru. Nikaendelea na safari.

Mpaka dirishani sikuona kitu. Madam ndiye aliyeona. Nyuma yake wageni watatu kutoka Arusha, madaftari wazi. Wino wa zambarau, mbichi, katikati ya fomu ambayo haitakiwi kuwa na muhuri wowote ila wake. Muhuri uliofutwa. Maana yake kwa mgeni ni moja: dirisha ni la maonyesho, meza zinaendelea pembeni.

Alinitazama. Kidogo tu. Natamani angenitukana.

Angeweza kuifunika kwa kiganja. Angeweza kuniambia nenda kajaze nyingine, na mimi ningeenda, na vifaranga wangengoja juani. Badala yake akageuka na fomu mkononi, akawaonyesha. Akasema: "Muhuri huu tuliufuta. Umepigwa leo asubuhi, hapa kwangu. Andikeni." Akachora mstari mmoja juu yake, akaandika jina lake na saa, akapiga muhuri mpya pembeni. "Mzigo utoke. Mengine tutaongea vifaranga wakishaondoka."

Mama Poni amepakia saa tatu kasoro dakika tano. Wote hai. Nilipaswa kufurahi.

Halafu Madam akatoka barazani. Tukajua Mzee Lado kwisha. Alichukua kiti, akakaa upande wa pili wa meza, upande wetu sisi wa kuomba. Wakaongea Kiarabu cha Juba, polepole, sikusikia. Mwishowe mzee akatoa muhuri, akaufuta wino kwa leso, akampa. Alikuwa analia. Nimeondoka ili nisione zaidi.

Jumamosi, 22 Machi

Mawakala wamenipongeza. Hiyo ndiyo sehemu inayoniua. Okello amenishika mkono kwa mikono miwili: "Dada, wewe iko na akili sana. Meza itarudi. Umetuokoa." Nimemwambia sikukusudia. Akakonyeza jicho.

Kumbe wote wanafikiri hivyo. Basi na Madam naye anafikiri hivyo.

Na swali ninalojiuliza tangu jana: mkono ulizoea, au moyo ulitaka? Naapa ni mkono. Lakini moyo nao haukuwa safi, na ninajua.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeenda kabla hajafungua. Nimesema yote nikiwa nimesimama, hata lile la moyo. Kwamba meza saba zilinisomeshea binti mpaka akamaliza chuo. Kwamba sikukusudia, ila sitashangaa akiniona mwongo.

Amenisikiliza mpaka mwisho. Halafu: "Rose, ungetaka kuniangusha usingetumia muhuri wa zambarau mbele ya watu watatu. Nakupa sifa kubwa kuliko hiyo."

Nilicheka na machozi pamoja, aibu tupu.

Akaniambia nikae. Akasema watu wanajaza fomu vibaya, wengine wanaiogopa. Anataka fomu moja ya mfano, iliyojazwa kwa mwandiko mzuri, na maelezo ya Kiswahili chepesi kila mstari, ibandikwe kando ya dirisha. Hakuna anayeijua karatasi kuliko mimi. Aliniomba. Hakuniamuru. Alijua anachoniomba, na mimi nilijua.

Nimesema nitafikiri.

Jumanne, 25 Machi

Nimeiandika. Kwa muda wa saa tatu nzima, kwa rula. Mzigo wa mfano nimeweka vifaranga, maboksi kumi. Kila mstari nimeeleza: hapa andika jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, hapa hesabu ya maboksi, si ya kuku.

Mstari wa tisa, jina la wakala. Hapo nilikaa. Nilichemsha chai. Nilirudi. Ukweli ni kwamba sheria mpya hailazimishi. Nikaandika: si lazima.

Ijumaa, 28 Machi

Majibu ya wageni yamekuja. Madam ametusomea yote, hata yaliyomuumiza. Wameuandika muhuri wa zambarau. Wameandika pia kwamba aliyewaonyesha ni mkuu mwenyewe, na kwamba ofisi inayoweka kosa lake mezani inaweza kuaminiwa. Dirisha linabaki.

Meza sita zimepelekwa shule ya msingi jirani. Ya Mzee Lado imeingizwa ndani, nyuma ya dirisha. Hana muhuri. Mnyama au ndege akija, yeye ndiye anayetazama kama ni mzima, anasema ndiyo au hapana, na Madam anaandika. Leo alikuwa amenyoa ndevu.

Wale waliokuwa wanacheka wamekuja kumpa Madam mkono. Akawapa. Mimi ningewanyima.

Okello anarudi Arua kufungua duka la vipuri. Ameniuliza kama nitabaki. Sijui.

Ijumaa, 4 Aprili

Simu haikulia.

Siku ya vifaranga, na Mama Poni hakunipigia. Nikadhani anaumwa. Nikaenda shedi hata hivyo, kwa mazoea.

Alikuwa kwenye foleni. Miwani ya kuazima, kitenge chake cha kanisani, ulimi nje kidogo, anaandika akiwa ameegemea ukuta chini ya karatasi yangu. Anatazama juu, anaandika. Anatazama juu, anaandika. Nilisimama mbali. Alipofika dirishani Mzee Lado alifungua boksi, akapuliza. Muhuri mmoja. Sikupima dakika.

Aliponiona alishtuka kama nimemkuta anaiba. "Dada, malesh. Mimi nilitaka jaribu kama naweza."

Nikamwambia ameweza. Nikaomba kuona fomu. Hakuna kosa hata moja. Kila kitu amenakili sawasawa, herufi zangu zile zile. Mpaka mstari wa tisa. Jina la wakala: si lazima.

Nikamrudishia. Nikamshikia maboksi mawili wakati anafunga mengine kwenye raksha. Walikuwa wanagonga gonga kwa midomo, nilisikia kwenye viganja. Madam aliniona kutoka dirishani, akanipungia mkono, akaita anayefuata.

Nimefika nyumbani saa tatu asubuhi. Sijawahi kuwa nyumbani saa tatu asubuhi siku ya kazi. Jua linaingia dirisha la upande huu, kumbe. Nimefua mapazia.