Chai Nje ya Kikombe

Kaloleni, Voi
29 Machi 2025

Mama mpendwa,

Habari ya huko Mbololo? Mgongo unasemaje? Mvua imewafikia? Huku ni jua na vumbi tu, lakini sisi ni wazima. Naandika kwa sababu kwenye simu husikii, unaniitikia tu "ndiyo, ndiyo" kwa kila kitu.

Nilimpeleka Mutheu kwa daktari wa macho, kwa lile jicho la kushoto linalokimbilia puani. Ulisema ni la babu yake, tuliache. Mama, kumbe si la kuachwa. Daktari alimwonyesha twiga wa plastiki, akamfunika jicho moja kwa kitu kama mwiko mweusi, kisha lingine. Alipofunika lile zima, la kushoto likaruka kumtafuta twiga. Halafu akamvalisha miwani ya giza na kumpa picha ya nzi mkubwa: "Mshike mabawa." Mimi nilipoivaa nilirudi nyuma, nzi ameinuka kabisa kwenye karatasi! Anayetumia macho yote mawili pamoja humshika hewani. Mutheu alibonyeza karatasi. "Mama, si ni picha tu?"

Hapo nilimkumbuka marehemu Baba, mwenye jicho lile lile, na kile kikombe chake cha bati, akimimina chai pembeni, mezani. Nawe: "Baba Pauline, umepitia tena kwenye pombe ya mbangara!" Naye anaapa hajaonja hata tone.

Mutheu amepewa miwani, na vibandiko vya kuziba jicho muda wa saa mbili kila siku. Ana miaka mitano. Daktari anasema tukichelewa, jicho litazoea uvivu moja kwa moja. Likizo hii anakuja kwako navyo, maana kibanda cha chapati hakiniachi. Tafadhali usiruke hata siku moja.

Mwanao,
Pauline


Mbololo
13 Aprili 2025

Pauline mwanangu,

Tumepokea barua, jirani yetu Silvanus aliileta aliporudi kutoka kuuza mboga huko Voi. Mgongo ni ule ule. Mvua imenyesha mara mbili, mahindi yameshika.

Mtoto anakula vizuri kuliko wewe ulivyokuwa. Kibandiko namwekea kila asubuhi, kwa lile jicho linalotoroka, lipate kupumzika. Halii hata kidogo, anakimbia nacho shambani. Ulinitisha bure.

Habari ya baba yako, acha. Aliipenda ile mbangara.

Mama yako


Kaloleni
15 Aprili 2025

Mama,

Pole kwa kazi. Sina amani ya kusalimu vizuri leo.

Unaziba lisilofaa! Linalozibwa ni lile zima, la kulia, ndio lile vivu lilazimike kufanya kazi. Ndio maana halii. Kosa ni langu, sikukuandikia ni lipi. Tangu tuko wadogo unafunga kidonda, si mguu mzima, ningejua ungeziba lile bovu. Lakini siku kumi zimepotea, Mama, na daktari atampima tena mwezi wa sita.

Atalia. Atagongana na mlango. Mwachie alie, umkumbatie.

Usinikasirikie.

Pauline wako


Mbololo
26 Aprili 2025

Mwanangu,

Mtoto anarudi na Silvanus, na barua hii iko kwenye begi lake, chini ya maparachichi.

Sikukujibu. Kwanza nilikasirika, ndio, kufundishwa kufunga kidonda na mtoto niliyemfunga mwenyewe. Halafu nikaziba lile zima. Alilia siku ya kwanza mpaka nikataka kukibandua. Akaniuliza, "Nyanya, kwani wewe unazibwa lini?" Basi nikajifunga leso jicho moja, tukawa wawili, tukicheka.

Tukaketi kunywa chai, leso ikiwa bado jichoni. Nikakitoa kile kikombe cha bati. Nikamimina, Pauline, na chai ikaenda mezani.

Nilikaa pale naitazama ikidondoka. Kumbe baba yako hakuwa amekunywa, lilikuwa lile jicho. Miaka ishirini na sita nilimgombeza mbele yenu, mbele ya wageni, hata siku ya kipaimara chako. Naye anapangusa meza kwa mkono wake.

Hatukukosa siku tena. Mwambie daktari.

Mama yako


Kaloleni, Voi
28 Juni 2025

Mama yangu mpendwa,

Natumaini mgongo umepoa na baridi ya huko haikuumizi. Sisi tuko sawa, tena zaidi ya sawa.

Jana alipimwa. Jicho la kushoto limesoma mistari miwili zaidi chini kwenye chati ya daktari. Akivaa miwani, likifunikwa hili na lile, hakuna linaloruka sana. Daktari akatoa nzi. Mama, vidole vilishuka polepole, vikasimama juu kidogo ya karatasi. Kidogo tu, kama unene wa chapati. Akavirudisha haraka: "Ananiuma!" Daktari akacheka, mimi nikalia. Bado tunaendelea na vibandiko, safari ni ndefu.

Kuhusu Baba, usijitese. Hata yeye hakujua. Alidhani meza ndiyo inasogea, alishawahi kuniambia hivyo, nikacheka.

Jumapili ijayo tutapanda huko sote. Mutheu anasema yeye ndiye atakayemimina. Kitoe kile kikombe.

Binti yako,
Pauline